Kuuza nguo mtandaoni: fanya kazi ya mkono wa mteja

Mteja akiwa dukani haulizi mengi. Anaifinya nguo kati ya kidole gumba na cha shahada, anaivuta, anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza atazame mishono, kisha anaamua. Mtandaoni hayo yote unayafanya wewe kwa niaba yake, naye ayaone. "Kitambaa bora kabisa" hakimsaidii, maana kila muuzaji anaandika hivyohivyo.

Hatua ya 1: Nakili lebo

Taja nyuzi na asilimia zake, mfano pamba 95%, spandeksi (uzi unaovutika) 5%. Mnunuzi mzoefu akisoma "kitani" anajua nguo itakunjamana upesi, pasi inamsubiri. Lebo ikiwa imekatwa, usibahatishe; sema haipo.

Hatua ya 2: Toa uzito kwa namba

Nguo unayoiita nzito, mwingine ataiona nyepesi. Mwombe anayekuuzia jumla kipande cha kitambaa hichohicho, sentimita 50 kwa 50, ukiweke kwenye mizani ya jikoni, kisha zidisha kwa 4. Kikiwa na gramu 45, kitambaa kina gramu 180 kwa mita ya mraba, ambayo ni fulana iliyoshiba. Sweta nzito ya kofia huwa kati ya 280 na 350 hivi. Wengi hawazijui gramu, kwa hiyo ongeza maneno machache: "ya kuvaa wakati wa baridi", "haihitaji kitu ndani".

Hatua ya 3: Piga picha za ushahidi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Zima flashi, kwa sababu mwanga wa mbele hufuta vinyweleo na mistari ya ufumaji. Weka nguo pembeni mwa dirisha ili mwanga uipitie kwa ubavu, halafu sogea karibu mpaka nyuzi zionekane. Ingiza mkono ndani ya nguo na upige tena: vidole vikionekana, mteja ameshajua atahitaji shimizi. Geuza nguo nje ndani, uonyeshe mishono, bitana na upindo. Kwa rangi, weka karatasi nyeupe kando ya nguo katika picha moja. Karatasi ikitoka ya manjano, na rangi ya nguo imedanganya. Vichujio vya kurembesha picha viache kabisa.

Hatua ya 4: Video fupi, bila muziki

Shika sehemu ya sentimita 10, ivute juu ya rula. Ikifika 13, inavutika kwa asilimia 30. Iachie tuone kama inarudi. Kisha ikunje ngumini kwa sekunde 10 na uifungue, mikunjo ionekane. Mwishowe mtu aivae, atembee na kukaa. Muziki hufunika sauti ya kitambaa, na mchakacho wa poliesta ngumu humweleza mteja mengi.

Hatua ya 5: Pima nguo, usitegemee S, M, L

Ilaze juu ya meza, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, urefu na mkono. Eleza wazi kama namba ya kifua ni ya upande mmoja au mzunguko mzima. Marejesho mengi huanzia hapo. Mwambie mteja apime nguo yake inayomkaa vizuri, alinganishe. Taja pia urefu wa aliyevaa na saizi aliyovaa.

Hatua ya 6: Fungua mlango wa kurudisha

Zappos, duka la viatu la mtandaoni lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, lilijijengea jina kwa kurudisha bure, hata ndani ya siku 365. Duka dogo haliwezi kubeba gharama hiyo. Weka muda unaoumudu, uutaje karibu na bei badala ya kuuficha chini ya ukurasa. Kila anayerudisha muulize sababu. Wawili watatu wakisema "inabana mabegani", sentensi hiyo iwe ya kwanza kwenye maelezo ya nguo.