Namna ya kumkumbuka Clive Sinclair: ifufue Spectrum yake

Clive Sinclair, mvumbuzi Mwingereza aliyetuletea kompyuta ya nyumbani ya ZX Spectrum, alifariki London tarehe 16 Septemba 2021, akiwa na umri wa miaka 81. Wiki ile magazeti ya hapa Uingereza yalimwonyesha ameketi ndani ya C5, kile kigari cha umeme cha magurudumu matatu alichokizindua Januari 1985 kwa pauni 399, kikachekwa nchi nzima. Mimi ni fundi wa redio. Kazi nilijifunzia Mombasa, meza yangu sasa iko Leicester, na wazee wa hapa huniletea kompyuta zao za ujanani zikiwa zimekufa. Ndiyo maana kwangu Sinclair si mtu wa C5. Ukifungua ZX Spectrum unamkuta mle ndani, ubahili wake na akili yake vimekaa bega kwa bega, na mara nyingine huwezi kusema kipi ni kipi.

Basi kama unataka kumkumbuka, shika bisibisi na uwashe chuma cha kulehemu badala ya mshumaa. Nitaeleza ninavyofanya.

Tafuta Spectrum ya vitufe vya mpira, ile ya kilobaiti 48. Ilitangazwa tarehe 23 Aprili 1982, pauni 175. Ile ndogo ya kilobaiti 16 ilikuwa pauni 125. Ukihesabu na matoleo ya baadaye ziliuzwa zaidi ya milioni tano, kwa hiyo usikubali mtu akwambie ni kitu adimu. Huku Uingereza zinapatikana kwenye minada ya Jumapili viwanjani na kwa wauzaji wa mtandaoni. Mimi heri ninunue iliyokufa ambayo haijaguswa kuliko ile iliyoandikwa “imetengenezwa”, maana chuma cha moto mikononi mwa mtu mwenye haraka hung'oa njia za shaba kwenye bodi, na hapo ndipo kazi inakuwa kazi kweli. Ukikuta vitufe vyake ni vya kijivu hafifu badala ya kijivu cha bluu, hiyo ni Issue 1, toleo la kwanza kabisa. Hilo lina thamani kwa wakusanyaji. Kama huna uzoefu, liache lilivyo. Ndani yake mara nyingi utaona chipu ndogo imelazwa chali, miguu juu, imeunganishwa kwa nyaya ili kurekebisha kosa la ULA, chipu kuu ya mashine hii. Wahandisi wenyewe waliiita mende mfu.

Ukifika nayo nyumbani, usiiwashe. Shida ya kwanza ni umeme. Spectrum inakula volti 9 za DC, lakini pini ya katikati ya plagi ni hasi na pete ya nje ndiyo chanya, kinyume na adapta nyingi ulizonazo kwenye droo pamoja na chaja za ruta. Ukichomeka ya kawaida umegeuza umeme. Adapta yake ya asili ilitoa ampea 1.4, nayo haina udhibiti wowote: ipime bila mzigo utasoma volti 12 au 13, usishtuke. Lakini ina umri wa miaka arobaini, na upande mmoja unashika umeme wa ukutani, kwa hiyo mimi siifungui wala siitumii. Nenda duka la vyombo vya muziki. Vile visanduku vya kukanyagia vya wapiga gitaa hutumia volti 9 na katikati hasi vilevile. Chukua adapta ya namna hiyo yenye ampea 1.5 au zaidi, kisha hakikisha kwa mita kabla ya kuigusisha na mashine.

Sasa geuza mashine, fungua skrubu za chini, inua mfuniko taratibu. Taratibu kwa sababu kibodi imeshikwa na riboni mbili za plastiki zilizochomekwa kwenye bodi, na plastiki hiyo imekauka. Zichomoe kwa kuvuta wima. Zikipasuka usihuzunike, karibu zote hupasuka, na utando mpya wa kibodi bado unatengenezwa na kuuzwa.

Tazama bodi kabla ya kugusa chochote. Kuna Z80A, ubongo wenyewe, inayokimbia kwa megahezi 3.5. Kuna ROM, kumbukumbu ya kudumu, ya kilobaiti 16 yenye lugha ya programu ya BASIC aliyoiandika Steve Vickers. Kuna ULA, chipu iliyotengenezwa na Ferranti, iliyomeza ndani yake kazi ambazo kampuni nyingine zilizigawia chipu nyingi: picha, kibodi, kaseti, sauti. Bodi ilichorwa na Richard Altwasser, na umbo la nje, pamoja na vile vitufe vya mpira, ni la Rick Dickinson. Nayataja majina haya kwa sababu Sinclair hakukaa peke yake chumbani akabuni kila kitu. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya watu kama hao akiuliza: hiki cha nini, na tukikitoa? Hata kompyuta yenyewe hakuwa na mapenzi nayo sana. Uzeeni alisema wazi kwamba hatumii barua pepe, anapendelea simu.

Ulizo hilo alikuwa nalo tangu kompyuta hazijamjia akilini. Mwaka 1972 alitoa kikokotoo cha mfukoni, Sinclair Executive, chembamba wakati vingi vya wenzake vilikuwa vya kuweka mezani. Chipu za vikokotoo zilimaliza betri haraka. Yeye na wahandisi wake wakagundua kwamba chipu haihitaji umeme muda wote. Ukiukata na kuurudisha haraka haraka, inabaki na kumbukumbu yake katikati ya mapigo. Wakaweza kutumia betri ndogo kama za vifaa vya kusaidia kusikia. Kiliuzwa pauni 79.95, na miaka minane baadaye akaiuza ZX80, kompyuta nzima, kwa bei ileile ya pauni 79.95 kwa anayeweza kuiunga mwenyewe, au 99.95 ikiwa imeungwa tayari.

Rudi kwenye bodi. Sehemu ninayotaka uielewe vizuri ni kumbukumbu, kwa sababu ndipo Spectrum nyingi zinapofia.

Kilobaiti 16 za chini ziko kwenye chipu nane aina ya 4116, zenye alama IC6 hadi IC13 kwenye bodi. Mwaka 1982 chipu hizo zilikuwa za rahisi, lakini zinataka volti tatu tofauti: 5, 12, na hasi 5. Adapta inaleta 9 tu. Kampuni nyingine ingeweka sanduku kubwa la umeme. Sinclair aliweka koili moja na transista mbili pembeni, TR4 na TR5, zinazopigapiga umeme mpaka volti 12 na hasi 5 zipatikane. Rahisi kabisa, na dhaifu. Mtu akichomoa kifaa cha nyuma mashine ikiwa imewashwa, TR4 inaungua, hasi 5 inapotea, na 4116 isiyopata hasi 5 hupata moto na kufa.

Kwa hiyo vipimo viende kwa mpangilio. Kibodi ikiwa imechomolewa, washa kwa sekunde chache tu. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye ardhi ya bodi; nyekundu ipeleke kwenye mguu wa kutokea wa regyuleta 7805, ile inayoshusha umeme hadi volti 5 na iliyofungwa kwenye bati la kupoza. Uone 5. Kisha kwenye mojawapo ya 4116: mguu wa 1 uwe hasi 5, wa 8 uwe 12, wa 9 uwe 5. Ukikosa 12 na hasi 5, badilisha TR4 kwanza, kagua TR5 na koili, na usiiache mashine ikiwaka mpaka volti zote tatu zirudi. Zikiwa zimerudi na bado kioo cha TV kinaonyesha mistari au viraka vya rangi, pitisha kidole juu ya zile chipu nane. Inayochoma kuliko dada zake ndiyo mgonjwa. Ing'oe kwa kukata miguu mmoja mmoja kwanza, halafu toa vipande. Bodi ina thamani kuliko chipu iliyokufa. Weka soketi, usilehemu chipu mpya moja kwa moja.

Kilobaiti 32 za juu, IC15 hadi IC22, zina kisa kinachonifurahisha kila mara. Zimeandikwa 4532. Kwa kweli ni chipu za kilobiti 64 zilizofeli kiwandani upande mmoja. Wengine waliona takataka. Sinclair alizinunua kwa bei ya chini na kwenye bodi akaweka kiungo kidogo cha waya cha kuieleza mashine nusu ipi ni nzima. Ukibadilisha, chipu zote nane lazima ziwe za aina moja na nusu nzima iwe ileile, au uweke 4164, zile za kilobiti 64 zilizo nzima, na ufuate kiungo kilichopo. Mashine iliyouzwa kwa mamilioni, na theluthi mbili za kumbukumbu yake ni chipu zilizokataliwa. Ubahili huo ndio ulioingiza kompyuta katika nyumba ambazo zisingeweza kununua ya Wamarekani.

Kapasita za elektroliti zibadilishe zote, bila mjadala. Ni chache, za bei ndogo, na majimaji yake yakivuja hula shaba. Angalia upande wa chanya mara mbili. 7805 hupata moto sana. Kama inakuudhi, zipo moduli za kisasa zenye miguu mitatu zinazokaa mahali pake bila bati.

Sasa picha. Spectrum ilitoa picha kwa mawimbi ya TV, chaneli 36 ya UHF, na TV nyingi za leo hazitaki kabisa habari hiyo. Ndani ya kile kisanduku cha bati, modyuleta, kinachogeuza picha kuwa mawimbi, zinaingia nyaya mbili: moja ni umeme wa volti 5, nyingine ni picha. Zichomoe zote. Fungua mfuniko wa bati, achanisha rezista iliyoshika pini ya katikati ya soketi, kisha unga waya wa picha kwenye pini hiyo kupitia kapasita ya mikrofaradi 100, upande wa chanya ukielekea kwenye bodi. Chomeka kwenye tundu la manjano la AV la TV. Usikate kitu ambacho huwezi kukirudisha. Atakayeipata baada yako huenda akataka ya asili.

Ukiwasha, kioo kitakuwa cheusi kidogo, kitapita rangi, halafu kitakuwa cheupe, na chini kabisa yatokee maneno © 1982 Sinclair Research Ltd. Hapo mwite mtu aone.

Ubandiko wa bati la kibodi upashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele ndipo ulibandue, la sivyo litapinda na halinyooki tena. Weka utando mpya, rudisha mpira, bandika.

Kisha jaribu kumbukumbu. Kwenye Spectrum huandiki neno herufi kwa herufi. Kitufe kimoja kinatoa amri nzima. P ni PRINT. PEEK, amri ya kuchungulia kumbukumbu, utaipata kwa kubonyeza CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT pamoja, uachie, halafu O. Andika:

PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733

Ikijibu 65535, kilobaiti zote 48 ziko hai. Ikijibu 32767, za juu zimelala, lakini mashine bado inafaa kwa kazi ya kilobaiti 16.

Michezo ilikuja kwa kaseti. Siku hizi simu inatosha: geuza faili la mchezo liwe sauti, chomeka waya wa mono kwenye tundu la EAR, sauti juu kabisa, arifa za simu zima. Bonyeza J upate LOAD, halafu alama mbili za kunukuu (SYMBOL SHIFT na P, mara mbili), kisha ENTER. Pembezoni mwa kioo itapita mistari myekundu na samawati, baadaye bluu na njano, na mlio ule utawafanya wenye nyumba waulize kuna nini. Mchezo mkubwa huchukua dakika nne au tano. Kaa usubiri kama walivyosubiri wao.

Kama una mtoto nyumbani, mpe hii aiandike mwenyewe kabla ya mchezo wowote:

10 FOR n=0 TO 7
20 BORDER n
30 PAUSE 25
40 NEXT n
50 GO TO 10

Abonyeze R, ENTER. Ukingo wa kioo utabadilika rangi nane, nusu sekunde kila moja. Mwambie abadilishe 25 aone kinachotokea. Watoto wengi wa Kiingereza waliokuja kuwa waandishi wa programu walianza kwa kitu kidogo namna hii, kabla Sinclair hajaishiwa fedha na kuiuzia kampuni ya Amstrad biashara ya kompyuta Aprili 1986, kwa pauni milioni tano.

Iache iwake saa nzima, gusa 7805 na ULA, pima tena zile volti tatu zikiwa na joto. Zikisimama pale pale, funga skrubu. Ukitaka kuzima usitafute swichi, hakuna. Hata hiyo aliona ni gharama. Chomoa waya wa nyuma.