Pima joto linavyopanda, hapo hapo uani

Kila mwaka darasa langu la jiografia hapa Dodoma huniambia kwamba jua linapasha hewa moja kwa moja. Sibishani nao. Tunatoka nje na fito, uzi na vipimajoto vitatu.

Tafuta uwanja mtupu uliofagiliwa, siku isiyo na mawingu wala upepo mkali. Penye nyasi pana utata, maana joto jingi huishia kukausha maji ya majani. Kabla ya lolote, viweke vipimajoto vyote kivulini pamoja kwa robo saa. Vya bei nafuu havikubaliani hata vikitoka boksi moja, kwa hiyo andika tofauti yake uje uitoe baadaye. Kisha simika fito na uvifunge: kimoja sentimita 5 kutoka chini, kingine sentimita 50, cha juu mita 1.5. Vituo vya hali ya hewa navyo hupimia kati ya mita 1.25 na 2.

Sasa kivuli, na hapa usilipue kazi. Kipimajoto kikipigwa na jua kinapima jua, si hewa. Mimi hutumia sahani nyeupe za plastiki, moja juu ya kipimajoto na moja chini yake, zikiachana ili hewa ipite. Ya chini wengi huiona ya urembo tu, kumbe udongo wenyewe unatoa mnururisho wa joto kwenda juu.

Soma saa 11 na nusu alfajiri, halafu saa 7 mchana. Mchana cha chini ndicho kitakachoongoza: jua hupasha udongo kwanza, si hewa, kisha hewa inayogusa udongo inapata moto, inatanuka, inakuwa nyepesi na kupanda kwa mafungu, huku ya baridi ikishuka kujaza nafasi. Ndiyo maana namba hazitulii. Soma mara tano, kila baada ya dakika moja, uchukue wastani. Alfajiri mambo ni kinyume, kwani ardhi imepoteza joto usiku kucha na kuipoza hewa iliyoilalia.

Nyakati zote mbili washa kijiti cha udi kando ya fito. Alfajiri moshi hupanda kidogo kisha ukalala kama shuka. Mchana unasukwasukwa na kukatikakatika. Wakati wa kiangazi huenda hewa hiyo inayopanda ikaanza kuzunguka na kubeba vumbi. Ukiona kisulisuli kinakuja, shika sahani kwanza.