Kabla Hujaomba Kadi ya Maili: Mambo ya Kuzingatia kwa Msafiri Anayeanzia Kigoma

Msimu wa kufuata vitenge na viatu nje ya nchi ukikaribia, pale Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, mimi huulizwa swali lile lile. Mtu kaona tangazo la kadi ya benki: jiunge, upewe maili (alama za kubadilishia tiketi za ndege), uingie sehemu ya mapumziko uwanja wa ndege bila kulipa. Ananiletea simu nisome. "Dada, niichukue?" Nami humuuliza kwanza: unakwenda wapi, mwezi gani, na utarudi na kilo ngapi? Wengi hawajafika huko. Wameanza na kadi, safari wataitafuta baadaye, na hapo ndipo hela inapopotelea. Tangazo halijui kwamba wewe unaanzia Kigoma, kilomita kama 1,250 za reli kabla hujaiona bahari.

Kwanza tuelewe zawadi hizi zinatoka wapi. Mwaka 1981 shirika la American Airlines lilianzisha AAdvantage, mpango wa kuwahesabia abiria wake maili walizoruka na kuwarudishia tiketi. Mashirika mengine yakafuata, halafu mabenki yakaanza kununua maili hizo na kuwapa wateja wanaotumia kadi zao. Nchini Marekani zawadi ni kubwa kwa sababu mwenye duka hukatwa ada nono kila kadi inapopitishwa, na sehemu ya ada hiyo humrudia mteja. Kadi ya Chase Sapphire Preferred, kwa mfano, ina ada ya dola 95 kwa mwaka, na kwa muda mrefu ilikuwa ikitoa pointi 60,000 (alama za benki yenyewe, zinazoweza kuhamishiwa shirika la ndege zikawa maili) kwa mteja mpya aliyetumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu. Ukizibadili kuwa fedha, hizo ni dola 600. Ulaya, ambako tangu 2015 sheria imebana ada ya kadi za mkopo isizidi asilimia 0.3, zawadi zimesinyaa. Kwa hiyo video unayotazama ya mtu anayeruka daraja la juu kwa pointi inasimulia nchi yenye ada zake na sheria zake. Kuipata kadi ile kunahitaji anwani ya huko, namba ya utambulisho ya huko na historia ya mikopo ya huko. Atakayekwambia anaweza kukutafutia anwani ya kuandika kwenye fomu, mkimbie. Huo ni udanganyifu kwa benki, na jina litakalobaki kwenye karatasi ni lako.

Lakini sisi wa Kigoma tuna mlango mwingine ambao watu hawaufikirii. Familia nyingi hapa, Kasulu na Kibondo zina ndugu Marekani, wakiwemo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakahamishiwa kule. Mpwa wako anayelipia huko kodi ya nyumba, mafuta ya gari na chakula cha watoto anaweza kuwa na pointi zimelala tu. Anaruhusiwa kukukatia tiketi kwa jina lako kutoka kwenye akaunti yake. Kabla hajafanya hivyo, mkumbushe mambo mawili. Pointi za benki zikishahamishiwa shirika la ndege hazirudi, kwa hiyo aone kwanza kiti kipo tarehe unayotaka ndipo azihamishe. Na tiketi ya maili si bure kabisa: kodi, ada za viwanja na wakati mwingine ada ya mafuta hulipwa kwa fedha taslimu. Mkubaliane mapema nani analipa, maana nimeona ndugu wakinuniana kwa dola mia mbili ambazo hakuna aliyezitaja mwanzoni.

Kununua maili kwa mtu usiyemjua ni jambo tofauti. Mashirika yanakataza maili kuuzwa mitaani, na yakigundua hufuta tiketi. Wewe utakuwa umeshafika Dar na begi lako.

Sasa majina. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Nilijiunga na mpango wa shirika moja kwa majina mawili ninayotumia dukani, wakati pasipoti yangu ina matatu. Nilisafiri mara mbili, kwenda na kurudi, nikitaja namba yangu ya uanachama kila nilipojiandikisha uwanjani, na hakuna hata maili moja iliyoingia. Nilipoandika kudai, nikajibiwa kwamba jina la tiketi na la akaunti si la mtu mmoja. Kurekebisha kulitaka nitume nakala ya pasipoti, na hadi hilo linakamilika muda wa kudai safari ya kwanza ulikuwa umekwisha. Basi kabla ya kujiunga popote, weka mezani pasipoti na kitambulisho cha NIDA, uone vimeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Ukiona vinatofautiana, malizana na hilo kwanza. Jina la pasipoti ndilo liende kwenye akaunti ya maili na kwenye kila tiketi.

Mpango upi ujiunge nao? Fuata njia unayopita kweli. Anayekwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa ana Ethiopian na ShebaMiles. Wa Dubai ana Emirates na Skywards, wa Istanbul ana Turkish na Miles&Smiles. Anayepitia Nairobi au Amsterdam aiangalie Flying Blue ya KLM na Air France, kwa sababu Kenya Airways nayo imo pamoja nao katika SkyTeam, umoja wa mashirika ya ndege, na pia ni mpango unaopokea pointi kutoka benki kubwa kadhaa za Marekani, jambo linalomrahisishia yule mpwa. Mashirika ya umoja mmoja hukubali namba moja: ukiruka na Turkish unaweza kuomba maili ziingie ShebaMiles, kwani Turkish na Ethiopian yote mawili yamo katika umoja mwingine, Star Alliance. Kosa kubwa ni kutawanya, maili elfu tatu huku, elfu nne kule, na zote zinaoza. Maili zina umri. Za Skywards hudumu miaka mitatu tangu uzipate. Avios, yaani maili za Qatar Airways, hufutika akaunti ikikaa miezi 36 bila kitu kuingia wala kutoka. Mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka hana maili za kugawa sehemu nne.

Uliza vilevile tiketi yako ni ya daraja gani la nauli. Ndani ya viti vile vile vya nyuma kuna nauli zinazoleta maili zote na nauli za bei ya chini zinazoleta robo au chini yake. Sisemi ununue ya ghali. Nasema usipige hesabu ya maili ambazo tiketi yako haiwezi kuleta.

Nifike kwenye jambo ambalo kwa mfanyabiashara naliona kubwa kuliko yote, ingawa matangazo hulitaja mwishoni: mzigo. Picha za matangazo zinaonyesha kiti laini na glasi ya juisi. Anayerudi na vitenge anahitaji kilo. Ukiruka vya kutosha ndani ya mwaka mmoja hadi ukapewa daraja la dhahabu la Star Alliance, unaongezewa begi moja pale wanapohesabu mabegi, au kilo 20 pale wanapohesabu uzito. Linganisha na bei ya mzigo wa ziada uliyowahi kulipa kaunta na utaona kwa nini natilia mkazo. Ila maili ni za aina mbili. Kuna za kununulia tiketi, na kuna za kupandia daraja, na hizi za pili kwa kawaida huja kwa kuruka, kadi ya benki haizileti. Kwa hiyo mtu wa safari tatu nne kwa mwaka afadhali aelekeze zote shirika moja au umoja mmoja kuliko kukimbilia kadi. Na jipimie: begi la ziada linafika Dar, je, ndege ya kuja Kigoma italibeba? Kipande cha ndani kikiwa na tiketi yake, kilo zake hufuata tiketi hiyo. Wenzangu wengi wanaishia kuupakia mzigo kwenye basi au treni Dar na wao kupanda ndege. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Tukirudi kwenye kadi za benki zetu hapa nchini, keti na ofisa wa benki umuulize bila aibu. Hii ni kadi ya mkopo, au ni ya kutoa fedha zilizo kwenye akaunti yangu? Ada ya mwaka ni kiasi gani, na mwaka wa pili je? Nina siku ngapi za kulipa kabla riba haijaanza? Nikitoa taslimu kwenye mashine, riba inaanza siku ile ile? (Kwa kadi za mkopo mara nyingi ndivyo, na kiasi hicho hakihesabiwi kwenye zawadi.) Nikilipa kwa dola, mnabadili kwa kiwango gani na mnaongeza asilimia ngapi? Zawadi ya kujiunga inadai nitumie kiasi gani, ndani ya siku ngapi? Akikujibu kwa mdomo, omba karatasi.

Swali hilo la mwisho ndilo linalotuumiza Kigoma. Dagaa wa Kibirizi hawalipiwi kwa kadi. Mawese, muhogo, kodi ya fremu, vibarua wa kushusha mzigo, vyote ni taslimu au lipa namba, na lipa namba ya simu haiingizi hata pointi moja kwenye kadi ya mkopo. Orodhesha matumizi yako ya miezi mitatu ambayo kweli yanaweza kupita kwenye kadi: tiketi za ndege, hoteli za nje, wauzaji wa huko wanaopokea kadi. Jumla yake ikifika kiwango kinachotakiwa, na fedha ya kulipa deni lote ipo tayari, omba. Isipofika, acha, au subiri mwezi wa safari ndipo uombe. Tuseme umebaki na deni la shilingi milioni 2 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi: ni 60,000 kila mwezi, na ndani ya miezi michache umeshainunua tiketi uliyoambiwa ni zawadi. Tena ukichelewesha malipo, taarifa zako huingia kwenye kumbukumbu za wakopaji, na ukienda kuomba mkopo wa mtaji utaulizwa.

Kadi ukiwa nayo, iandae kabla hujaondoka. Iambie benki nchi unazokwenda. Hakikisha laini ya simu iliyounganishwa na kadi itapokea SMS ukiwa nje, kwa sababu malipo mengi ya mtandaoni husubiri namba ya uthibitisho, na kama laini imezimika, kadi inakuwa kipande cha plastiki. Hoteli zikizuia kiasi cha dhamana, kwenye kadi ya mkopo wanashika nafasi ya mkopo, kwenye kadi ya kawaida wanashika fedha yako halisi kwa siku kadhaa, labda ile ile ya kununulia mzigo. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa fedha ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Kiwango cha mashine mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki.

Sehemu ya mapumziko nzuri, sikatai, hasa ukiwa na saa sita za kungoja. Uliza tu kadi inaruhusu mara ngapi kwa mwaka na kama uliyeongozana naye anaingia bure. Bima ya safari ya kadi nayo kwa kawaida inakulinda pale tu tiketi yenyewe ililipiwa kwa kadi hiyo.

Halafu kuna kipande cha Kigoma hadi Dar, ambacho hakuna maelezo ya maili yatakayokufundisha. Ikiwa tiketi ya nje ni ya maili na ya ndani umeinunua pembeni, hizo ni safari mbili zisizojuana. Ndege ya huku ikiahirishwa, shirika la nje halikusubiri, na linaweza kukuhesabu hukutokea. Ukitua na Air Tanzania unashukia Jengo la Pili, unachukua begi lako, unakwenda Jengo la Tatu na kujiandikisha upya. Mimi hufika Dar siku moja kabla, na kama tiketi ya nje ni ya maili, siku mbili, kwa sababu viti vya maili ni vichache na kupata kingine si rahisi. Ndege ya ndani ikijaa, panda basi hadi Dodoma kisha treni ya umeme inayofanya safari za Dar tangu 2024. Wapo pia wanaovuka mpaka wa Manyovu kuingia Burundi na kupandia ndege Bujumbura, ambako Ethiopian inafika. Ukiitafuta tiketi ya maili, jaribu kuandika Bujumbura pia uone, ila hesabu mpaka, fedha za kubadili na forodha wakati wa kurudi na mzigo.

Bahasha moja ndogo iwe ndani ya mkoba: nakala ya pasipoti, namba ya uanachama imeandikwa kwa mkono, risiti ya tiketi. Humo humo weka kila kipande cha karatasi ya kupandia ndege, hata kikichanika. Ukirudi nyumbani, ngoja wiki mbili, fungua akaunti, hesabu safari moja moja. Iliyokosekana idai, Flying Blue hutoa miezi sita, wengine hutofautiana, na watakuomba karatasi zile zile ambazo watu huziacha kwenye mfuko wa kiti.