Kabla ya kununua nyumba kwenye mji mpya wa jangwani Arizona

Magharibi mwa Phoenix, jiji kuu la jimbo la Arizona nchini Marekani, ng'ambo ya milima ya White Tank, kunajengwa mji. Si mtaa, ni mji hasa: Teravalis, ekari zipatazo 37,000 ndani ya Buckeye, na ukikamilika umepangiwa nyumba 100,000 na wakazi 300,000. Kazi ilizinduliwa mwaka 2022. Miji ya namna hii huchorwa yote mezani kabla ya msingi wa kwanza kuchimbwa, barabara, shule, bustani na maduka, na imelizunguka jiji la Phoenix karibu kila upande. Familia inaingia nyumba ya mfano, inapokewa na ubaridi wa kiyoyozi, inaona jiko linalong'aa, na kabla ya jioni imeshatoa malipo ya awali. Ombi langu kwa familia hiyo ni moja: kabla ya kuangalia jiko, ulizeni maji.

Arizona ina sheria ya maji ya chini ya ardhi tangu mwaka 1980, na kwa mnunuzi hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Katika maeneo yanayosimamiwa na sheria hiyo, Phoenix likiwamo, anayegawa ardhi viwanja sita au zaidi ili auze lazima kwanza aonyeshe kwamba maji yatatosha kwa miaka 100. Idara ya maji ya jimbo ndiyo inayotoa cheti. Kiombe, kisha usome mambo mawili: kinahusu awamu ipi ya mradi, na maji yenyewe yanatoka wapi. Nasisitiza awamu kwa sababu mji mmoja unaweza kuwa na cheti upande huu na usiwe nacho upande wa pili wa barabara. Teravalis penyewe, awamu ya kwanza iitwayo Floreo ilikuwa na vyeti vya maelfu ya nyumba kabla ya Juni 2023. Mwezi huo hesabu mpya za jimbo zilionyesha upungufu, likatangaza kwamba halitatoa vyeti vipya eneo la Phoenix kwa miradi inayotegemea maji ya chini ya ardhi peke yake. Mwaka 2025 ikapitishwa sheria nyingine inayoruhusu maji yaliyokuwa ya mashamba kuhamishiwa kwenye nyumba. Kwa hiyo "cheti tunacho" si jibu kamili. Cheti cha lini, cha kipande gani, cha maji gani?

Ukiambiwa maji ni ya mto Colorado, endelea kuuliza. Yanafika kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 500 unaopandisha maji kutoka mpakani mwa California, na kwa sheria ya mwaka 1968 mfereji huo uko nyuma ya California kwenye foleni. Mto ukipungua, wanaotegemea mfereji huo ndio wa kwanza kukatwa. Mwaka 2022 Arizona ilipunguziwa karibu asilimia 18 ya fungu lake. Muulize anayekuuzia maji kama ana akiba, na kama ana chanzo kingine.

Kama unaona nakuza jambo, tazama Rio Verde Foothills, jirani na Scottsdale. Huko viwanja vingi viligawanywa vikiwa vitano au pungufu, chini ya kile kiwango cha sita, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuonyesha maji ya miaka 100. Wakazi wengi walikuwa wakiletewa maji kwa boza kutoka Scottsdale. Tarehe 1 Januari 2023 Scottsdale ikafunga bomba hilo kwa ajili ya kuwatunzia wakazi wake, na mamia ya nyumba zikaachwa zijitafutie. Watu walikinga mvua kwenye ndoo ili wapate maji ya choo, wakala kwenye sahani za karatasi ili wasioshe vyombo. Zilikuwa nyumba nzuri, nyingine za thamani kubwa sana.

Karatasi ya pili ya kudai ni taarifa ya umma ya mradi, inayosimamiwa na idara ya mali isiyohamishika ya jimbo. Muuzaji analazimika kukupa kabla hujafunga mkataba, na utatakiwa kusaini kwamba umeipokea. Wengi husaini risiti na kuitia karatasi kwenye begi. Isome usiku huo huo. Ndimo utakamokuta mafuriko, kodi za ziada, nani anazima moto na ndege zinapita wapi. Pande za magharibi hilo la ndege si dogo, maana kambi ya jeshi la anga ya Luke inafundisha marubani wa ndege za kivita za F-35, na muungurumo wake unaufahamu mara ya kwanza unapompitia mtoto aliyelala mchana.

Hapo hapo angalia ardhi tupu iliyo nyuma ya ua. Chumba cha kulala kinatazama dungusi na vichaka hadi milimani, na muuzaji anakuambia mandhari hayo hayana bei. Sehemu kubwa ya jangwa hilo ni ardhi ya amana ya jimbo, iliyotengwa ili mapato yake yasaidie hasa shule za umma, nayo huuzwa kwa mnada. Kinachoonekana kama hifadhi kinaweza kuwa kiwanja cha mjenzi mwingine baada ya miaka mitano.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Jumlisha mkopo, kodi ya mali, bima, ada ya chama cha wamiliki wa nyumba, na ile kodi ya wilaya maalumu inayolipia barabara na mabomba ya mji mpya. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Ujue pia kwamba mwanzoni chama huendeshwa na mjenzi, si wakazi.

Joto lina somo lake. Usinunue kwa ziara ya Februari. Nenda Julai, saa 11 jioni, ukashike kitasa cha mlango unaotazama magharibi, kisha ufungue bomba la maji baridi jikoni. Yatatoka ya moto, na yatabaki hivyo muda mrefu. Miti ya mji mpya ni miche iliyofungiwa vigingi, kivuli chake hakimfichi hata paka. Mwaka 2023 Phoenix ilipita siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi, na wilaya ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Wengi wa wanaofia ndani hukutwa kiyoyozi kimeharibika au hakipo. Kwa hiyo uliza nyumba ina mashine ngapi. Mbili, hata kama ni ndogo, zinakuachia chumba kimoja cha kukimbilia mashine moja ikifa. Uliza pia hospitali iko dakika ngapi leo, siyo ile iliyochorwa kwenye ramani ya ukutani.

Vumbi nalo halitaisha siku ukihamia, kwa sababu jirani zako watajengewa kwa miaka. Udongo wa huku una kuvu inayoleta homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu unaofanana sana na nimonia ya kawaida na usioambukiza mtu kwa mtu. Kikohozi na uchovu vikizidi wiki moja au mbili, mwombe daktari kipimo chake kwa jina, hasa kama kuna mjamzito au mwenye kinga dhaifu nyumbani. Ukikutwa na dhoruba ya vumbi barabarani, toka kabisa nje ya njia, zima taa zote na uondoe mguu kwenye breki, maana anayekuja nyuma hufuata taa akidhani ndiyo barabara.

Korongo kavu kando ya mtaa ni mto wa msimu wa mvua, kati ya Juni na Septemba. Angalia ramani za mafuriko za Maricopa, na zile za nyufa za ardhi za idara ya jiolojia ya jimbo. Nyufa hizo hutokea mahali maji ya chini yalipofyonzwa kupita kiasi, ardhi ikatitia.

Mwisho, nyumba yenyewe. Nyumba mpya huhitaji mkaguzi kama ile kuukuu, na awe wako, si wa mjenzi. Mlete kuta zikiwa bado wazi, nyaya na mabomba yanaonekana, kisha mwezi mmoja kabla ya mwaka wa kwanza wa dhamana kuisha. Siku hiyo ya pili mwambie abaki hadi giza liingie, mzunguke ukuta kwa tochi ya miale ya urujuanimno. Nge hung'aa kijani, na mahali wanapoingilia ndipo pa kuziba.