Safu tatu za daftari, kabla ya jina la ugonjwa

Ninapomsikiliza mteja wa tiba ya kisaikolojia, jina la ugonjwa naliandika ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, wa mwaka 2013, unataja matatizo 10 ya haiba, yaani mienendo ya kudumu ya kuhisi na kuhusiana na watu inayoleta taabu. Lile la borderline, la hisia na mahusiano yanayoyumba sana, linahitaji dalili 5 kati ya 9, kwa hiyo watu wawili wanaweza kupewa jina hilo wakachangia dalili moja tu. Ukishika jina, umeshika nini?

Shika tukio. Mteja huyu nimemchanganya kutoka kwa kadhaa. Juzi aliniambia, "Wewe tu ndiye unayenielewa." Leo nimechelewa dakika nne, namkuta kapakata mkoba, hataki kuuweka chini. "Nyote ni walewale."

Safu ya kwanza: andika hayo tu, kama yalivyotokea. Nilipokuwa najifunza niliandika "msumbufu", msimamizi wangu akalikata neno kwa kalamu nyekundu, akauliza, "Amefanya nini?"

Safu ya pili: anaogopa nini? Hapa naona kuachwa. Mwanasaikolojia Jeffrey Young angeiita skima ya kutelekezwa, yaani imani ya tangu zamani kwamba watu wa karibu watamwacha. Kule kugeuka kwangu machoni pake kutoka malaika kuwa shetani ndani ya wiki moja ni mpasuko, yaani kumwona mtu ama mwema kabisa ama mbaya kabisa, dhana ya mwanasaikolojia-changanuzi Melanie Klein ambayo mwenzake wa fani, Otto Kernberg, aliitumia sana kwa watu wa aina hii. Basi uchague ipi? Ile inayokupa sentensi ya kusema sasa hivi. Akiwa anatetemeka, namfuata mwanasaikolojia Marsha Linehan, nathibitisha hisia kwanza: "Kuningoja kumekuumiza, naelewa." Akitulia ndipo naurudia mpasuko: "Juzi nilikuelewa, leo nimekuwa kama wengine. Tuwatazame hao wawili pamoja."

Safu ya tatu wengi huiruka: mimi nilihisi nini? Nilitaka kumwongezea dakika kumi, kama mdaiwa. Hisia hizo za mtaalamu kwa mteja nazo ni ushahidi, mradi usizitii kabla hujaziandika.

Kwa mwenye majivuno, tafuta aibu iliyo chini yake. Kwa anayeshuku kila mtu, jiulize ni hisia gani yake anaiona kwa wenzake. Na tukio moja halifanyi sifa ya haiba. Ngoja lijirudie, tena mahali tofauti.

Safu ya pili naiandika kwa penseli. Kuhusu mkoba nilikuwa nimeandika "yu tayari kuondoka kabla hajaachwa." Wiki iliyofuata nikamuuliza. Akacheka: zipu ilikuwa imeharibika, aliogopa vitu vitamwagika. Nikafuta mstari huo mmoja, mingine nikaiacha.