Kutoa fangasi ndani ya jani la mkoko ukiwa maabara Kampala

Wadau, natafuta fangasi wanaotengeneza kemikali za kuua bakteria. Uganda hatuna bahari kwahiyo mikoko hatuna, majani yangu yanatoka pwani ya Kenya. Anza na vibali: cha utafiti cha kule, makubaliano ya kuhamisha sampuli, na cha kuingiza mimea toka wizara ya kilimo hapa kwetu. Usipitishe majani mpakani Busia kwenye begi, hiyo ni mali ya watu wa kule.

Hatua ya 1: chuma majani mabichi yasiyo na madoa, mifuko ya karatasi, boksi la barafu ila yasigande. Ukishuka kwenye basi nenda moja kwa moja maabara maana jani likianza kuoza fangasi wa uozo wanawameza wale unaowataka.

Hatua ya 2 ndio kazi yenyewe, tafadhali msiharakishe. Tunatafuta wanaoishi NDANI ya jani bila kuudhuru mti, sio vumbi la juu, na mchu (aina ya mkoko) una vinyweleo chini ya jani vinashika kila uchafu. Osha na maji ya bomba, spiriti ya asilimia 70 dakika 1, jiki dakika 2 mpaka 3, spiriti tena sekunde 30, halafu suuza mara 3 na maji yaliyopita kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke na presha). Kabla hujakata, bonyeza jani juu ya sahani ya agari (jeli ya kukuzia fangasi) isiyo na kitu, na maji ya mwisho ya kusuuzia dondoshea sahani nyingine. Kikiota kitu hapo hiyo bechi yote tupa, hata kama inauma.

Hatua ya 3: vipande vya milimita 5 kwenye agari ya viazi yenye kloramfenikoli kuzuia bakteria, nyuzi joto 25 mpaka 28. Wengine wanatoka siku ya 3, wengine wiki kadhaa, na hao wa polepole msiwatupe jamani! Kila mmoja hamishia sahani yake, na mapema weka akiba kwenye gliseroli (kimiminika kinachowakinga na barafu) ndani ya friza, maana ukiwahamisha hamisha sana wengi wanaacha kutengeneza kemikali.

Hatua ya 4: walishe mchele uliopikwa kwa presha wiki 3, loweka na ethili asetati (kimiminika cha kuyeyusha hizo kemikali), chuja, kausha, tia kwenye kikaratasi ujaribu juu ya sahani yenye bakteria Staphylococcus aureus, na pembeni weka karatasi ya ethili asetati tupu iliyokauka. Duara safi, yaani sehemu bakteria hawajaota kuzunguka kikaratasi, ni dalili nzuri ila bado sio dawa, fangasi wengine wanatoa sumu kali, kwahiyo usionje wala usimpe mgonjwa, kinachofuata ni kupima sumu kwenye seli.