Kabla hujanunua nyumba ughaibuni

Kwetu nyumba huanza na kiwanja. Mwezi huu tripu ya mchanga, mwezi ujao nondo, boma linakaa miaka bila bati, na mara nyingi ukuta na geti hutangulia rangi. Ukishafunga geti, nani atakuuliza? Mtu aliyekulia hivyo akinunua nyumba Marekani, anachopaswa kujifunza kwanza ni kuishi bila ukuta.

Tulipohamia nyumba yetu ya Ohio, Marekani, haikupita mwezi tukaletewa barua na chama cha wenye nyumba wa mtaa. Ndani mlikuwa na picha ya pipa letu la taka, limesimama mbele ya gereji siku ya Jumatano. Gari la taka hupita Jumatatu. Mume wangu aliumia sana, akawaza ni jirani gani anatuchukia. Kumbe sheria ilikuwamo kwenye kitabu tulichotia sahihi bila kukisoma, pamoja na urefu wa nyasi, rangi ya mlango na mahali pa kuanika nguo. Majirani wanaamini kabisa kwamba uchafu wa mbele ya nyumba yako unashusha bei ya nyumba zao. Ukilielewa hilo, hutaona chuki kila barua ikija.

Lakini usikichukulie chama hicho kama kikundi cha mtaani. Usipolipa ada yake kinaweza kuweka dai kisheria juu ya nyumba, na katika majimbo mengi deni hilo linaweza kuifikisha nyumba mnadani hata kama hujawahi kuchelewesha malipo ya benki. Kabla ya kusaini, omba kanuni, hesabu zao na kumbukumbu za vikao. Mfuko wao ukiwa mtupu na mapaa yanakaribia kubadilishwa, mchango mkubwa utakuja kwako.

Mkopo nao una tabia za nchi. Marekani watu wengi huchukua wa miaka 30, riba haibadiliki. Ila ndani ya malipo ya kila mwezi mara nyingi mna kodi ya nyumba (ile ya serikali, si ya pango) na bima, na hivyo hupanda. Kwetu ukishamaliza kujenga umepumua. Huku hata deni likiisha, kodi ya nyumba inaendelea, na inaumiza. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Uingereza riba kwa kawaida hufungwa miaka 2 au 5, kisha unapanga upya kwa bei ya soko la siku hiyo.

Ukinunua fleti London, uliza hati yake imebakiza miaka mingapi. Mtanzania anayejua hati ya miaka 33, 66 au 99 ataelewa haraka, isipokuwa huko mwenye ardhi mara nyingi ni mtu binafsi au kampuni. Miaka ikishuka chini ya 80, kuiongeza huwa ghali na benki nyingi husita kukopesha.

Ujerumani ni habari nyingine: zaidi ya nusu ya watu wamepanga, wengine maisha yao yote, na hakuna anayewadharau. Ndugu wakikuuliza kila simu utanunua lini, usikimbilie deni kwa sababu ya aibu. Na Jumapili usitoboe ukuta kwa drili, uwe mpangaji au mwenye nyumba.

Mwisho, baridi. Miji mingi ya kaskazini mwa Marekani humtaka mwenye nyumba aondoe theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele yake, hata kama njia si mali yake. Nunua sepetu la theluji mapema, kabla madukani hayajaisha. Maji yakiganda, bomba hupasuka, na unaweza usijue hadi barafu iyeyuke na dari kuanza kuvuja. Kwa hiyo siku mnayokabidhiwa funguo, kabla hamjapanga hata viti, tafuteni koki kuu ya maji. Kila mmoja nyumbani, hadi mtoto wa darasa la nne, aifunge na kuifungua kwa mkono wake.